Safari Rally ya Kwanza Ilipanga Magari kwa Bei

Kuna uongo mmoja umezoeleka sana hapa Ruiru. Unasema hivi: kama huna Subaru ya turbo, mbio za magari si zako, kaa tu Kamakis ule nyama uangalie wenzako wakipita. Nimeusikia mahali pa kuosha magari, nimeusikia ndani ya matatu ya Thika, na kila nikiweka video ya otokrosi lazima msee mmoja aurudie. Leo nataka kuwaonyesha kwamba historia ya mbio za magari ya nchi hii inasema kinyume. Halafu, kwa sababu historia ya kuachwa hewani ni stori ya jaba tu, nitawaambia pia vile mtu wa mfuko wetu anaweza kuanza.

Twende Nakuru kwanza. Leo ukisikia Langalanga unajua ni mtaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kulikuwa na uwanja wa mbio za magari hapo, na walowezi walikuwa wakienda kuzunguka na magari yao. Jamaa anaitwa Eric Cecil akamwalika binamu yake, Neil Vincent, ashiriki. Vincent akakataa katakata. Kwake ilikuwa kazi ya kuchosha, kuzunguka kipande kilekile cha barabara tena na tena. Kama ni mbio, alisema, afadhali mtu atoke nyumbani aende mbali kweli na arudi. Wazo likashika. Mwaka 1953 Elizabeth wa Pili alikuwa anatawazwa kule Uingereza, wakapata kisingizio, na mashindano yakaitwa Coronation Safari. Njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, vumbi na matope mwanzo mwisho.

Sasa sikiza hii. Magari hayakupangwa kwa ukubwa wa injini kama tulivyozoea. Yalipangwa kwa bei, ile bei ya dukani hapa Afrika Mashariki. Na yalitakiwa kuwa magari ya kawaida, vile yalivyotoka dukani. Sababu yake ilikuwa rahisi tu: mtu wa huku alitaka kujua ni gari gani la bei yake litavumilia barabara zetu. Bei ilikuwa ndani ya mchezo huu tangu siku ya kwanza.

Na nani yuko juu kwenye rekodi ya mwaka huo? Alan Dix na Johnny Larsen, wakiwa na Volkswagen Beetle. Mwaka uliofuata, Vic Preston na D.P. Marwaha, Beetle tena. 1957 Beetle, 1962 Beetle. Injini ya Beetle ya 1953 ilikuwa na nguvu za farasi 25 hivi. Vitz ya lita moja, hiyo ya mamako ya kwenda soko na kanisa, inafika 70. Fikiria hiyo hesabu kabla hujaniambia tena habari ya turbo.

Lakini tusidanganyane. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952. Wakati hayo magari yanaondoka Nairobi, watu wa Kiambu na Thika walikuwa wanatembea na kipande, na mashamba makubwa ya kahawa na mkonge yalikuwa ya walowezi. Hilo gari la bei rahisi lilikuwa la bei rahisi kwa mtu mwingine kabisa. Guka wengi wa hapa walikutana na Safari Rally kwa njia moja tu: gari limezama kwenye tope, wao wako nyuma wakilisukuma. Kwa hivyo msee akisema mbio za magari zilikuwa za matajiri, hajakosea kuhusu watu. Amekosea kuhusu magari. Hizo ni hoja mbili tofauti, na huwa tunazichanganya sana.

Aliyezitenganisha kwanza, kwa maoni yangu, ni Joginder Singh. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, na kabla ya kuwa jina kubwa alikuwa fundi wa magari. Mwaka 1964 kampuni ya Volvo ilileta magari yake kushiriki Safari, mambo yakawaendea vibaya, na gari moja, Volvo PV544, likabaki huku. Joginder akalichukua. Gari lililokwisha kutumika, lililokwisha kupigwa na mawe ya mwaka mzima uliopita. Akalifungua, akalifunga upya, akaingia Safari ya 1965 na ndugu yake Jaswant, wakashinda. Alishinda tena 1974 na 1976, safari hizo na Mitsubishi Lancer. Ukitaka ushindi tatu, ndio hizo. Mimi hesabu inayonipendeza zaidi ni nyingine: aliingia Safari mara 22, akamaliza mara 19. Kumbuka kuna miaka, 1963 na 1968, ambapo magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Saba! Kumaliza mara 19 kwenye mashindano ya aina hiyo ni mkono wa fundi. Mtu anasikia gari likilalamika kabla halijavunjika, anapunguza mguu, anafika.

Kuna mwingine wa kutajwa hapa, Erik Carlsson kutoka Uswidi. Yeye alikuja na Saab 96, kigari cha silinda tatu, na mwaka 1964 akamaliza wa pili. Inasimuliwa kwamba alikwama kwenye tope, akaona hakuna namna, akalipindua gari upande na mwenza wake mpaka likatoka. Usijaribu hiyo na gari la familia.

Lakini kama una dakika moja tu ya kusoma haya yote, soma kuhusu Safari ya 1993. Toyota walikuja na Celica zao za pesa ndefu na wakachukua nafasi nne za kwanza. Sawa, pesa iliongea. Angalia waliofuata nyuma yao: nafasi ya 5, 6 na 7 zilikuwa Daihatsu Charade. Charade! Injini ya cc 993, silinda tatu. Ilikuwa na turbo, ndio, na sitaficha, lakini ni kile kigari ambacho leo ukikiona kimeegeshwa Makongeni unafikiri kimetupwa. Mwaka huohuo Patrick Njiru aliingia na Subaru Vivio ya cc 660, akafika mwisho na kushinda daraja lake. Colin McRae, ambaye miaka miwili baadaye alikuwa bingwa wa dunia, alikuwa na Vivio kama hiyo. Yake haikufika. Msee wetu alimaliza, bingwa hakumaliza, na gari lilikuwa lilelile. Mwaka uliofuata Njiru alipewa Impreza akamaliza wa nne.

Kwa hivyo hata hiyo Subaru mnayoiabudu Thika Road, jina lake hapa lilijengwa pia na kigari cha cc 660.

Sasa tutoke Safari tuje otokrosi, kwa sababu hatuna pesa ya Safari na tusijifanye tunayo. Otokrosi ni ile ambayo Neil Vincent angeicheka: njia fupi iliyofungwa, unaizunguka, saa inahesabu, anayetumia muda mfupi anashinda. Wamarekani wanaifanya kwenye lami, viwanja vya kuegesha magari, katikati ya koni. Sisi tulifuata njia ya Waingereza, kwa hivyo yetu ni ya vumbi. Shirikisho la Michezo ya Magari Kenya, KMSF, lina msimu wake wa taifa, na mashindano yamefanyika sana pale Jamhuri, Nairobi. Kuna daraja la watoto, wanaliita Bambino, kuna la vigari vilivyoundwa kwa mbio, kuna la turbo, na kuna moja ambalo nataka uliweke kichwani: magurudumu mawili, bila turbo. Hilo ndilo daraja la Vitz, la Starlet, la Nissan B12 ya mjomba. Huko hushindani na msee wa Subaru. Unashindana na msee kama wewe.

Nikiangalia wanaoanza, makosa ni yaleyale, na karibu yote yanatoka lami. Kwenye lami ya Thika Road tairi inashika, ukikata stelingi gari linakata. Kwenye murram juu kuna changarawe ndogo zinazobingirika, ni kama umemwaga shanga sakafuni. Mtu anafika kwenye kona na mwendo wa lami, anakata stelingi, gari linaendelea mbele kama halijasikia. Anashtuka, anakata zaidi. Hapo ndipo amelimaliza kabisa, kwa sababu gurudumu lililopinda sana haliviringiki tena, linasukuma tu mchanga. Dawa yake inakera kwa sababu inaenda kinyume na woga: rudisha stelingi kidogo, toa mguu kwenye mafuta, ngoja. Ukitoa mguu, uzito wa gari unahamia mbele, tairi za mbele zinabanwa chini, zinashika, na gari linaanza kusikia.

Ukielewa hilo neno uzito, umeelewa nusu ya mchezo. Ukikanyaga breki uzito unaenda mbele. Ukikanyaga mafuta unarudi nyuma. Ukikata kushoto unaegemea kulia. Tairi iliyobeba uzito ndiyo inayoshika. Sasa gari la kusukumwa na magurudumu ya mbele lina shida moja, tairi za mbele zinafanya kazi zote mbili, kuvuta na kukata kona, na haziwezi kufanya zote kwa nguvu kwa wakati mmoja. Ndiyo maana breki zote zinafanyika gari likiwa limenyooka, kabla ya kona. Ukiingia kona umeshamaliza breki. Mafuta unarudisha pale unapoanza kuona njia ya kutokea, na unarudisha polepole, kama unabonyeza sifongo yenye maji na hutaki imwagike.

Mabingwa wa Ufini walilitatua tatizo hilo miaka ya 1960 na Mini. Timo Mäkinen na Rauno Aaltonen walikuwa wakikanyaga breki kwa mguu wa kushoto huku wa kulia bado uko kwenye mafuta. Mbele kunavuta, nyuma kunapungua mshiko, mkia unazunguka, gari linageuka lenyewe. Mäkinen alishinda Monte Carlo 1965 hivyo, Aaltonen 1967. Basi msee akiona video hiyo anataka kuanza nayo Jumapili ya kwanza. Tulia. Mguu wako wa kushoto umefundishwa klachi miaka yote, unajua kukanyaga mpaka mwisho tu. Ukiupeleka kwenye breki utapiga kichwa kwenye kioo. Na kumbuka huyo Aaltonen, pamoja na ujuzi wote, alikuja Safari mwaka baada ya mwaka, akamaliza wa pili zaidi ya mara moja, na hakuishinda hata mara moja. Aliyeshinda mara tano ni Shekhar Mehta, mtu wa huku, aliyezijua barabara.

Kujua barabara, kwa otokrosi, maana yake ni kuitembea. Miguu yako, kabla injini haijawashwa. Angalia palipo na jiwe lililojificha kwenye nyasi, palipo na mteremko baada ya kona, pale ambapo gari zilizotangulia zitachimba mfereji. Wengi huwa wanapiga selfi wakati huu. Halafu mzunguko wa kwanza uende kwa asilimia 70 ya unachoweza, ufike. Muda uliopatikana ni muda. Gari lililo shambani halina muda. Macho nayo yawe mbele, kwenye kona inayokuja, maana mikono hufuata macho. Ukiangalia mti, utaenda kwa mti. Na mvua ikinyesha sahau yote uliyojifunza juzi. Udongo mwekundu wetu wa Kiambu ukilowa ni sabuni. Ule mweusi wa kuelekea Athi unaganda kwenye tairi mpaka unaendesha mikate minne.

Tuje kwa doh. Sitawapa bei, kwa sababu nikiandika leo wiki ijayo zimebadilika na mtanitukana. Nitawapa mpangilio. Wengi wanaweka pesa yote kwa gari, halafu wanafika wakiwa hawana helmeti. Mimi ningegawa hivi: theluthi moja ya pesa yako yote ndiyo ununue gari, theluthi ya pili iingie kwenye usalama na kulitengeneza, na ya tatu usiiguse mpaka gari livunjike, kwa sababu litavunjika. Kama theluthi moja haitoshi gari unalolitaka, basi unalitaka gari lisilo lako. Tafuta la chini.

Nunua la zamani ambalo spea zake ziko kila mahali. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika zaidi ya miaka 8, kwa hivyo Starlet na ndugu zake zote ni zile zilizokwisha zunguka mikono ya huku, na hiyo ni faida: kila fundi kutoka Githurai mpaka Thika ameshaifungua moja. Kitabu cha gari kiwe sawa. Rangi usijali. Angalia bodi chini, kama imeoza na kutu achana nayo, kwa sababu injini inabadilishwa, bodi iliyooza haibadilishwi.

Halafu usalama kabla ya mwendo. Helmeti halisi ya magari, isiyo ya bodaboda iliyopasuka. Kiti kinachokushika, mikanda ya mbio, mtungi wa kuzima moto, na vyuma vya kukinga paa vilivyochomelewa na mtu anayejua. Uliza KMSF daraja lako linadai nini hasa, na ulize kabla ya kununua. Baada ya hapo breki, mafuta mapya ya breki, shoki nzuri, bamba la chuma la kukinga sampu, rejeta isiyovuja, na tairi zenye meno. Injini iache ilivyo. Kwa pesa ya bomba la kelele unapata shoki mbili za nyuma, na shoki zitakupunguzia sekunde nyingi kuliko kelele.

Jambo lingine ambalo hakuna anayelisema: bima yako ya kawaida haigusi mbio. Soma hiyo karatasi. Ukigonga pale, umegonga na mfuko wako. Ndiyo maana gari la mamako linabaki nyumbani, hata kama nimelisifu hapo juu. Njia nzuri zaidi niliyoiona ni watu wawili au watatu kununua gari moja na kuliendesha kwa zamu, kama waandaaji wa siku hiyo wanaruhusu. Mnagawana kila kitu, na mnabaki na mtu wa kukuangalia ukikosea.

Ukisikia hayo yote bado unaniambia mbio ni za watu wa mbali, nakuonyesha Thika. Kile kiwanda cha magari kilichoanzishwa miaka ya 1970 kikiitwa Leyland, kikiunganisha Land Rover, bado kipo, siku hizi kinaitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Desemba 2016 Volkswagen walirudi kuunganisha Polo Vivo pale, kampuni ileile ya Beetle iliyoshinda 1953. Watu wa hapa wanaunganisha magari kwa mikono yao asubuhi mpaka jioni. Tuna mafundi, tuna udongo, tuna vijana wanaopenda mwendo kupita kiasi.

Na huo mwendo ndio unanifanya niandike. Tangu Kibaki aizindue barabara kuu ya Thika mwaka 2012, usiku kuna wasee wanaigeuza uwanja. Mnajua saa, mnajua sehemu, sitaji. Nimekaa kwenye mazishi ya mtu wa umri wangu kwa sababu hiyo, na aliyekuwa anavuka barabara hakuwa hata kwenye mbio. Gari lililomgonga lilikuwa na thamani ya Starlet tano zilizokamilika, helmeti na mikanda ndani. Kwa hiyo usiniambie ni pesa ilikosekana. Lami iko karibu na ni bure, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia dereva kwamba kwenye vumbi, na gari la bei ya chini, anaweza kupimwa na saa na akajulikana kwa jina.

Kwa hivyo fanya hivi msimu huu, hata kama huna shilingi. Tafuta kalenda ya otokrosi kwenye kurasa za KMSF, na ulize kuhusu kujitolea kusimamia njia. Wasimamizi wengi ni watu wa kujitolea, na hakuna kiti cha bei ghali kinachokuweka karibu na kona kama hicho. Siku moja kwenye kona moja, ukiangalia magari arobaini yakiikata kwa njia arobaini, utajua ni nani anashika breki mapema na ni nani anapigana na stelingi. Beba kofia, maji, na viatu vya kufunga. Kama unavaa nguo nyeupe, itakuwa nyekundu kufikia saa nne asubuhi.